Kukomaza seli za HL-60 kwa dawa mbili pamoja

Seli za HL-60, zilizotokana na mgonjwa wa leukemia (saratani ya damu) katika miaka ya 1970, hukubali kukomaa zikichokozwa. Asidi ya retinoiki huzisukuma ziwe granulosaiti, vitamini D3 hai huzielekeza kwenye monosaiti; zote mbili ni aina za seli nyeupe za damu. Ukizichanganya dawa hizi, kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba zimesaidiana.

Hatua ya 1. Tafuta dozi dhaifu. Hapa ndipo wengi huharibu. Mikromola 1 ya asidi ya retinoiki peke yake hukomaza seli nyingi mno, kwa hiyo dawa ya pili haina pa kuonyesha nguvu zake. Jaribu kila dawa kwa ngazi, asidi kuanzia nanomola 1 hadi 1,000, D3 kuanzia 0.1 hadi 100. Chagua dozi inayokomaza takriban asilimia 10 hadi 20.

Hatua ya 2. Andaa makundi manne: kiyeyushi pekee, dawa ya kwanza, ya pili, na zote mbili. Kiwango cha kiyeyushi kiwe kilekile kote. Mimi hutumia ethanoli isiyozidi asilimia 0.1, kwa kuwa DMSO, kiyeyushi kingine, yenyewe, ikifika asilimia 1.25, hukomaza seli hizi! Asidi ya retinoiki huharibiwa na mwanga, basi punguza taa.

Hatua ya 3. Panda seli 200,000 kwa mililita katika RPMI 1640 (kimiminika cha kukuzia seli) yenye seramu asilimia 10, nyuzi 37, CO2 asilimia 5. Subiri saa 96.

Hatua ya 4. Pima. Changanya seli na NBT (kemikali inayogeuka buluu ndani ya seli zilizokomaa) pamoja na TPA (kichocheo cha seli) kwa nusu saa, kisha hesabu seli 200 chini ya hadubini. Zilizokomaa huwa na chembe za buluu iliyokolea. NBT haitofautishi granulosaiti na monosaiti, kwa hiyo pima pia alama za juu ya seli: CD11b, ya aina zote mbili, na CD14, ya monosaiti. Hesabu na seli hai kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu: asilimia inaweza kupanda kwa sababu tu seli changa zimekufa.

Hatua ya 5. Ondoa asilimia ya kundi la kiyeyushi, kisha linganisha. Tuseme dawa moja imekomaza asilimia 20, nyingine 15. Zikifanya kazi kila moja kivyake, utarajie 20 + 15 − 3, yaani 32 (ile 3 ni asilimia 15 ya 20, seli ambazo zingehesabiwa mara mbili). Ukipata 34, usishangilie. Ukipata 60, rudia jaribio mara mbili zaidi, kila mara kwa seli za siku tofauti.