Mwali au chui milia: jinsi ya kusoma mwisho ulioachwa wazi

Mwezi Novemba 1882 jarida la The Century la Marekani lilichapa hadithi fupi ya Frank R. Stockton, "The Lady, or the Tiger?", ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Mwali au Chui Milia?". Mfalme nusu mshenzi ana uwanja wa kuhukumia watu. Mshtakiwa huingia peke yake na kukuta milango miwili inayofanana. Nyuma ya mmoja kuna chui milia mwenye njaa, na nyuma ya wa pili kuna mwali aliyeteuliwa amfae mshtakiwa. Akitoka mwali, ndoa hufungwa papo hapo, hata kama bwana harusi ameacha mke na watoto nyumbani. Kijana wa cheo cha chini anakamatwa kwa kupendana na binti mfalme. Binti ameipata siri ya milango. Kijana anapomtazama, binti anausogeza mkono kidogo kuelekea kulia, na kijana anakwenda moja kwa moja kuufungua mlango wa kulia. Msimulizi anatuuliza yupi aliyetoka, kisha ananyamaza.

Darasani mwisho huu huishia kwenye kura. Hawa upande wa chui, wale upande wa mwali, kengele inalia. Kura haifasiri kitu. Unachotakiwa kueleza ni jinsi matini yenyewe inavyouelemeza uamuzi wa binti mfalme, na ni wapi inapokataa kuuelemeza. Hadithi haifiki maneno 3,000, kwa hiyo huna kisingizio cha kutoisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa ajili ya taharuki, mara ya pili ukiwa na kalamu, na mara ya tatu aya za mwisho peke yake, kuanzia pale binti anapoonyesha kulia.

Funga kwanza yaliyofungwa

Kabla ya kugusa utata, andika mambo ambayo hadithi imekwisha kuyaamua. Binti anajua kwa hakika kilichoko nyuma ya kila mlango, maana ameinunua siri kwa dhahabu na kwa ubishi wake. Anamjua pia mwali aliyewekwa. Kijana aliamini tangu mwanzo kwamba mpenzi wake hangetulia mpaka aipate siri hiyo. Ishara ilikuwa ya kulia, na mlango uliofunguliwa ni wa kulia. Kilichobaki wazi ni kimoja tu: kulikuwa na nini nyuma ya mlango huo.

Orodha hii fupi inaondoa makosa mengi. Anayesema "ni bahati nasibu, nusu kwa nusu" anarudia imani ya mfalme, ambaye anajivunia mahakama isiyopendelea mtu. Bahati iliisha siku binti alipoijua siri. Anayeleta mwisho wa tatu (mlinzi kabadilisha milango, au chui kashiba) anatunga hadithi yake mwenyewe. Na anayedhani binti anachagua kati ya kumpata na kumpoteza kijana hajasoma sheria ya uwanja. Kwa kila mlango binti anampoteza. Kwa hiyo jibu la "alimpenda, basi alimwokoa" halitoshi, maana kumwokoa ni kumkabidhi kwa mwanamke mwingine mbele ya macho yake, na kengele za harusi zikilia.

Pima ushahidi, usiuhesabu tu

Chora safu mbili, ya chui na ya mwali. Kando ya kila dondoo andika aina yake: tendo lililosimuliwa kama jambo lililotokea, wazo lililopita kichwani mwa binti, au kauli ya msimulizi. Hapa ndipo kazi ilipo.

Chukua macho ambayo mwali alimtupia kijana. Msimulizi anasema binti aliyaona, au alidhani ameyaona, na kwamba wakati mwingine alifikiri kijana naye alimrudishia. Hizo ni shaka juu ya shaka, kwa hiyo ziandike kama wazo. Lakini chuki ya binti kwa mwali haina "labda" yoyote. Imesimuliwa kama jambo lililopo, na imetiwa nguvu na damu ya mababu washenzi halisi. Ndiyo sababu wengi huiweka juu kabisa kwenye safu ya chui. Itazame tena, hata hivyo. Aliyechukiwa ni mwali, na chui hamli mwali, anamla kijana. Chuki hiyo inaelekea kwenye chui pale tu unapoweza kuonyesha kwamba binti angeona afadhali kijana afe kuliko adui yake ampate. Matini inakupa daraja hilo karibu na mwisho, msimulizi anapouliza: amempoteza, lakini nani ampate? Bila kulitaja daraja hilo, hoja yako inaning'inia.

Halafu njoo kwenye ndoto zake. Picha ya chui inapewa sentensi moja ya kutisha. Picha ya mwali inapewa kifungu kizima: furaha ya kijana anapoufungua mlango, anavyomkimbilia msichana, padri, shangwe, maua njiani, na kilio cha binti kinachomezwa na kelele za umati. Tena msimulizi anasema wazi kwamba ndoto hii ya pili ilimjia mara nyingi zaidi. Ukihesabu mistari, chui anashinda, kwa kuwa kinachomtesa binti zaidi ni harusi. Ukitazama mpangilio, mizani inayumba. Baada ya harusi binti anajiuliza kama si afadhali kijana afe mara moja, akamngojee ahera. Mara baada ya wazo hilo anarudi chui, mayowe na damu, na hiyo ndiyo picha inayofunga mawazo yake kabla ya uamuzi kutajwa. Mhakiki mzuri anaandika yote mawili, idadi na nafasi, kisha anasema ni lipi analipa uzito zaidi na kwa nini.

Dondoo moja huwapita wengi: msimulizi anasema kwamba, bila ile nusu ya ushenzi ndani yake, huenda binti asingekuwepo uwanjani siku hiyo. Iweke upande wa chui, lakini kwa penseli. Aliyetaka kuokoa naye alilazimika kuwepo, la sivyo nani angetoa ishara?

Lipo pia ushahidi usiofaa upande wowote. Mkono ulisogea bila kusita, lakini tumeambiwa uamuzi ulikwisha kufanywa baada ya siku na usiku wa mateso. Kutosita hakusemi lolote kuhusu alichoamua. Hatua za haraka za kijana nazo ni hivyo hivyo: zinaonyesha imani yake, hazionyeshi kama imani hiyo ilistahili.

Mhoji msimulizi

Huyu ni msimulizi maizi, anayeingia vichwani mwa wahusika apendavyo. Ametueleza hata ndoto za binti. Kwa hiyo anaponyamaza kuhusu mlango si kwamba hajui. Amechagua kutosema, na hoja yako ni bora iseme hivyo. Yeye pia ni mcheshi. Tangu mstari wa kwanza anautania ustaarabu wa nusu wa mfalme, na anauita uwanja wa damu chombo cha haki. Msomaji wa pwani, aliyelelewa akisikia maneno mwungwana na mshenzi yakipimana, atakinasa kinaya hiki upesi. Kinaya hicho kinaufanya kila wasifu wa binti uhitaji kupimwa: "mshenzi" ni maelezo ya tabia, au ni mzaha?

Jambo la lazima: msimulizi anamwagiza msomaji asifikiri kana kwamba uamuzi ni wake, bali afikiri kama binti huyu mwenye damu moto na wivu. Sentensi inayoanza na "mimi ningekuwa yeye" inakwenda kinyume na agizo hilo. Ifute.

Jaribu fasiri kabla ya kuiandika

Chukulia alitoka chui, kisha uliza ni sentensi zipi zimebaki bila kazi. Fanya vivyo hivyo kwa mwali. Ukimchagua mwali, ni lazima ueleze kwa nini kifungu cha harusi ni kirefu hivyo. Ukimchagua chui, ni lazima ueleze kwa nini damu imewekwa mwishoni. Sisi tunaelemea kwa chui, kwa sababu ya lile swali la nani ampate, ingawa ile damu inatuzuia kuapa. Katika insha tumia "inaelekea" na "matini inaegemea", na dondoo tatu au nne zilizochambuliwa zinatosha.

Usitafute jibu kwenye hadithi aliyoiandika Stockton baadaye, "The Discourager of Hesitancy" ya 1885. Wageni watano wanafika katika nchi ile kuuliza nini kilitoka. Ofisa anawasimulia kitendawili kingine, cha mwanamfalme anayepaswa kumtambua mkewe kati ya mwanamke aliyetabasamu na aliyekunja uso, na anaahidi kuwajibu wakishaamua ni yupi. Hawaamui.

Ukiisimulia kwa Kiswahili, angalia viambishi. "Aliinua mkono, akafungua mlango" haionyeshi nani mwanamume na nani mwanamke, kwa hiyo taja "binti" na "kijana" kila tendo linapohama. Swali la mwisho nalo lina mtego. "Nani alitoka?" inampa nafasi mwali, na "nini kilitoka?" inamwondoa kabisa. "Yupi aliyetoka?" ndiyo tafsiri salama, kwa kuwa kwetu mnyama na mtu hupatanishwa kwa kiambishi kimoja.