Joto la umeme: namna ya kutumia pasi, birika na hita bila kuyeyusha soketi

Kama nyumbani una pasi, birika la umeme au hita ya maji, kuna kitu kimoja inabidi kikukae kichwani: umeme ukipita kwenye waya lazima waya upate moto, na moto unakuwa mwingi pale umeme unapobanwa zaidi. Ndani ya pasi kuna koili, nyingi ni za nikromu, yaani nikeli na kromu zimechanganywa, hiyo inaubana umeme makusudi na inavumilia joto kali bila kuyeyuka, wakati waya wa shaba unaotoka ukutani unaupitisha kirahisi tu. Kwa hiyo koili inawaka, waya unabaki wa baridi. Ndo inavyotakiwa.

Shida ni pale joto linapotokea sehemu isiyohusika. Mwanafizikia Mwingereza James Joule alishaonyesha tangu 1841 kwamba ampea, yaani kipimo cha wingi wa umeme unaopita, zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne, ndo maana kuzidisha vifaa kidogo tu kunaleta balaa.

Kwanza piga hesabu. Soma wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 230 maana ndo volti zetu Tanzania, jibu ni ampea. Birika la wati 2000 linakula kama ampea 8.7, pasi ya wati 1200 kama 5.2, ukivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja umefika karibu 14 wakati fyuzi ya plagi ni 13, na usidhani fyuzi itakata hapo hapo, ukizidisha kidogo hivyo inaweza kuvumilia muda mrefu huku waya mwembamba wa ekstensheni unaendelea kuiva. Birika lichomeke ukutani moja kwa moja. Na ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote kabla ya kuweka mzigo, ikiwa imejikunja joto halina pa kutokea.

Pili, na hili watu hawalifanyi kabisa: maji yakishachemka zima swichi, chomoa, halafu shika plagi. Vuguvugu sawa. Ikiwa inaunguza, au pini ina weusi, au uso wa soketi umegeuka kahawia kuzunguka tundu, hapo pini imelegea au skrubu ya nyuma haijabana waya. Pakilegea umeme unabanwa hapo hapo, tuseme omu 0.3 tu (omu ni kipimo cha umeme unavyobanwa), kwa ampea 8.7 unapata karibu wati 23 kwenye kijisehemu kama kichwa cha msumari, na plastiki imezunguka pote! Usikwangue ule weusi ukaendelea kutumia. Zima mein switchi, fundi abadilishe soketi, na plagi pia kama imeungua.

Upande wa gharama, lita moja na nusu toka nyuzi 25 hadi kuchemka inakula kama yuniti 0.13, birika la wati 2000 linamaliza ndani ya dakika 4 na kidogo. Chemsha maji unayoyahitaji tu. Kama mnatumia ya kisima chenye chumvi, ule utando mweupe unaoganda chini unazuia joto kuingia kwenye maji, weka maji na ndimu au siki, chemsha, acha yapoe, suuza.

Hita ya ndoo ndo ya kuogopa kuliko zote. Itumbukize kwanza hadi alama ya maji ndo uwashe, bila maji koili inakosa pa kupeleka joto na inaungua chap. Ukitaka kupima kama maji yamepata moto, zima NA uchomoe ndo utie mkono, watoto wasiwe karibu. Shawa ya maji moto yenyewe inafika wati 5000 na zaidi, hizo ni ampea 22 kwenda juu, hiyo haiungwi kwenye soketi wala laini ya taa, mwambie fundi avute laini yake peke yake ya waya mnene yenye breka yake na eathi.