Namna ya kusoma utafiti wa uchumi wenye unafanyika kwetu

Mama mkubwa yangu anauzaka sambaza, samaki ndogo za ziwa, ku soko ya Nyamugo, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Siku moja kijana alifika kwake na tablete, akamkalisha karibu saa mbili: mko watu wangapi mu nyumba, mnakula mara ngapi, ulilipa takse gani mwaka jana, shefu wa avenyu unamwamini kiasi gani. Akajibu yote, siku hiyo akachelewa soko, na waliahidi watarudisha matokeo. Mpaka leo bure, na kila nikienda kumsalimia ananiuliza, "Mwanangu, wale watu wa maswali walipata nini?" Swali yake ni ya haki kabisa, juu ile kazi ikishaandikwa inasomwa mbali sana na watu wenye wanaamua makuta ya miradi iende wapi, na sisi wenye tulitoa majibu hatuioni. Kumbe tunaweza kuisoma sisi wenyewe, njo maana naandika hii.

Kuipata haiko ngumu vile watu wanafikiri. Fungua mu telefone Google Scholar, ni Google ya kutafuta kazi za watafiti, andika jina ya mji ao ya provense pamoja na neno moja kama takse ao koltani mu Kifaransa ao Kiingereza, halafu angalia pembeni kama kuko PDF. Kama wanadai malipo usilipe, tafuta titre ile ile ku ukurasa wa mwandishi mwenyewe, wachumi wengi wanawekaka pale toleo ya kwanza bure. Kama megabaiti ni kidogo soma rezime tu, ile muhtasari ya mwanzo, ni mistari kumi hivi, ipitishe mu programu ya kutafsiri, itoe mu Kifaransa, inatoka vizuri kupita Kiswahili.

Sasa mbele ya kuangalia matokeo, jiulize kwanza: wamelinganisha nani na nani? Hapo njo roho ya kazi yote. Chukua utafiti wa mji wa Kananga, hapa Kongo, wa wachumi Balán, Bergeron, Tourek na Weigel, wenye ulitoka 2022 mu gazeti ya wachumi, American Economic Review. Ilikuwa takse ya nyumba, na makartye yaligawanywa kwa kura ya bahati, si ya uchaguzi, kwingine takse ikakusanywa na maajenti wa serikali, kwingine ikakusanywa na mashefu wa mji wenyewe. Ile kura njo inafanya tuamini, juu kama wangeacha kila kartye ichague yenyewe, pengine zile zenye watu wanaelewana vizuri njo zingechukua shefu, na mwisho hatungejua kama ni shefu alileta makuta ao ni vile watu wa pale walikuwa tangu zamani.

Matokeo ni hii: kwenye mashefu, wenye walilipa waliongezeka kwa pointi 3.2 za asilimia, na makuta ikaongezeka asilimia 44. Watu mingi wanakwama hapa, wanaona namba mbili hazifanani wanasema kuko uongo. Hakuna uongo. Pointi 3.2 maana yake ku kila nyumba mia moja, nyumba tatu hivi zaidi zimelipa. Lakini kama kule kwa maajenti wenye wanalipa ni wachache sana, kuongeza tatu juu yao ni kuongeza sehemu kubwa. Kwa hiyo ukisikia ku radio kitu fulani "imepanda asilimia 44" uliza palepale, asilimia 44 ya nini? Ilianzia wapi?

Kisha tafuta kwa nini. Pale Kananga kulikuwa na kikundi ingine, ajenti wa serikali anaenda kwanza kuongea na shefu, halafu anapita ku manyumba mwenyewe, na ile njo ilisaidia kuona kwamba shefu hashawishi watu kupita ajenti, ila anajua nyumba gani inaweza kulipa, basi anaenda pale pale. Nilipomwelezea mama mkubwa hakushangaa hata kidogo, alisema shefu wetu anajua hata nani ametumiwa makuta na mtoto wake wa Ulaya. Na usiishie katikati, juu rezime ile ile inasema mashefu walichukua pia rushwa zaidi, hata kama imani ya watu kwa serikali haikuharibika. Mtu akikusomea nusu ya kwanza peke yake, mwambie amalize.

Ingine yenye naomba sana: usitupe utafiti wenye unasema "hatukuona kitu". Watafiti Humphreys, Sánchez de la Sierra na van der Windt walifuata mradi wa Tuungane mu vijiji 1,250 vya mashariki ya Kongo, miaka mbili ya kuzoesha watu kazi ya kidemokrasia kijijini, halafu kukatolewa dola 1,000 bila masharti ku vijiji 560, ili waone kama vijiji vyenye vilipita mu mradi vinasimamia makuta kwa namna ingine. Tofauti hawakuiona, na walichapisha hivyo 2019. Mimi kwangu hiyo ni matokeo ya lazima sana, juu mpaka leo kuko miradi inakuja kutufundisha kuchagua komite, na mtu wa kijiji yuko na haki ya kuuliza: ile ya mbele ilileta nini?

Halafu uliza kama inafaa ku mahali pako. Kule Masisi, Kivu ya Kaskazini, mchumi Jenny Aker alilinganisha watu wenye walikimbia vita, wamoja walipewa makuta, wengine walipewa kuponi za kununulia vitu, za bei ile ile, kazi ilitoka 2017. Wenye kuponi walinunua vitu tofauti, lakini chakula na maisha ikabaki sawa, sehemu moja juu waliweza kuuza tena vile walinunua. Sasa kama kwenu barabara imekatika na hakuna wa kununua, usibebe ile matokeo hivyo hivyo.

Na siku watu wa ankete watafika kwako, wapokee vizuri lakini uliza inivasite gani, nani mkubwa wa kazi, imeili yake ni gani, matokeo yatarudi kwa njia gani. Swali yenye haikupendezi unaweza kuikataa, na unaweza kusimamisha yote. Chunga karatasi yenye wanakuachia. Mwaka ukipita andika, hata mistari miwili inatosha: mlituuliza maswali mu avenyu yetu mwezi fulani, tunaomba rezime ya kurasa mbili mu Kiswahili. Ikifika isomeni siku ya AVEC, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mbele ya kuhesabu akiba, watu wakiwa wamekaa wote. Kama imeili inakushinda, tafuta mu kartye mwanafunzi wa masomo ya juu, wa ISP ao wa ISDR, atakusaidia.

Ya mama mkubwa tumeshaituma juma iliyopita. Jina ya inivasite alikuwa nayo muda wote, ku ile karatasi yenye alitia sinyatire, ndani ya Biblia yake.