Baba na zamu yake: namna ya kukua katika malezi ukiishi Dar es Salaam

Baba anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta hutoka nyumbani kabla ya alfajiri ili awahi daladala yenye nafasi, na jioni foleni ya Barabara ya Nyerere humfikisha nyumbani watoto wakiwa wamekwisha kulala. Siku zote za kazi huweza kupita bila yeye na mwanawe kuzungumza zaidi ya salamu, na Jumapili inapofika mtoto humpokea kama mgeni wa heshima, humwamkia shikamoo, humpisha kwenye kiti, lakini hamuulizi wala hamwambii jambo lolote la maana. Mwongozo huu ni kwa ajili ya baba wa namna hiyo: mtu mwenye nia njema, anayelipa kodi ya nyumba na kununua unga, ila anahisi kwamba malezi ya watoto wake yanaendelea bila yeye. Rai yangu ni kwamba asianze na maazimio makubwa ya kuwa baba bora. Ashike kwanza zamu moja ya malezi na kuifanya iwe yake kamili, kwa kuwa humo ndimo atakamojifunza subira, atakamomjua mtoto, na atakamopata jambo la kweli la kuzungumza na mama wa mtoto.

Kuchagua zamu

Kwa muda wa wiki moja, andika kila usiku ni saa zipi wewe na mtoto mlikuwa nyumbani pamoja, wote mkiwa macho. Andika yaliyotokea, si unayoyatamani. Wengi huona kwamba nafasi ipo mahali wasipopatarajia: nusu saa ya asubuhi kabla gari la shule halijapiga honi, Jumamosi kabla ya jua kuwa kali, au katikati ya usiku mtoto mchanga anapoamka kunyonya. Ukishaijua nafasi hiyo, tafuta kazi ya mtoto ambayo tayari hufanyika wakati huo, kisha ichukue.

Kwa mtoto mchanga, akina baba wengi hujiona hawana kazi, hasa kwa kuwa inashauriwa mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Kazi ipo. Mtoto akimaliza kunyonya, mpokee, mweke begani kidevu chake kikiwa juu ya kitambaa safi, mkono mmoja ushike shingo na kichwa, na mwingine umpigepige mgongoni taratibu mpaka abeue, wakati mama amekwisha kugeukia upande wa pili na kulala. Zamu nyingine inayofaa ni ya kliniki. Isome kadi ya mtoto, uzijue tarehe za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha zile za miezi 9 na miezi 18, na umpeleke mwenyewe. Utakuta benchi limejaa akina mama na baadhi yao watakutazama kwa mshangao. Keti tu usubiri zamu yako, kwa sababu muuguzi akishampima uzito atakuonyesha kwenye kadi kama mtoto anapanda inavyotakiwa au amesimama, na hilo ni jambo ambalo baba anapaswa kulisikia kwa masikio yake.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, zamu ninayoipendekeza kuliko zote ni ya madaftari. Hapa wengi hukosea kwa kuanza na swali la amepata ngapi, na mtoto aliyepata chache hujifunza kuficha daftari. Kaa naye mkekani, mwache alifungue mwenyewe, kisha mwombe akueleze alivyolifikia jibu, hata lile alilopatia. Tuseme ameandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Usimwambie kuwa amekosa, kwani kalamu nyekundu ya mwalimu imekwisha kumwambia. Mwambie akuonyeshe, nawe utaona kwamba kwenye mamoja alishindwa kutoa 7 katika 2, akageuza akatoa 2 katika 7. Vunja vijiti vya fagio la chelewa, funga mafungu matano ya kumi kumi kwa raba bendi, ongeza vijiti viwili pembeni, kisha mwambie akupe vijiti 27. Atakwama baada ya kukupa viwili vya pembeni, atakutazama, na baada ya kitambo ataliona mwenyewe kwamba ni lazima alifungue fungu moja. Usimfungulie. Dakika hiyo ya kusubiri ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, na baba anayeiweza amejifunza jambo ambalo semina haitamfundisha.

Kijana aliyekwisha kufika sekondari hahitaji kukaguliwa kwa namna hiyo. Mchukue mwende Kariakoo kununua viatu vya shule, mtembee bega kwa bega, na umwache aanzishe mazungumzo mwenyewe. Mara nyingi ataanza njiani mkirudi.

Zamu huwa yako pale unapoifanya bila kukumbushwa. Ikiwa umechukua kumwogesha mtoto, basi ni juu yako kujua sabuni imebaki kiasi gani, kama maji yatatoka siku hiyo au yachotwe kwenye pipa, na kwamba asiposuguliwa nyuma ya masikio atatoka na uchafu wake ule ule. Baba anayesimama mlangoni akiuliza taulo liko wapi bado ni msaidizi. Mama wa mtoto naye itambidi avumilie mwanzoni, mtoto anapotoka nje na gauni lililofungwa vifungo kinyume, na ni vyema mkubaliane mapema kwamba hatakuja kuirudia kazi hiyo nyuma yako.

Hasira inayokuja na safari

Kujirekebisha ni neno pana, lakini kwa baba wa jiji hili ningeanza na hasira. Mtu aliyesimama saa mbili ndani ya daladala, aliyefokewa kazini na kudaiwa na mwenye nyumba, hufika mlangoni akiwa amejaa, na wa kwanza kumwaga kikombe cha chai ndiye hulipia yote hayo. Usiingie ndani ukiwa katika hali hiyo. Pita kwa Mangi, nunua maji, kaa kwenye benchi dakika chache, umalize simu za kazi hapo hapo, kisha ndipo uingie. Nasema dakika chache kwa makusudi, kwa maana wapo wanaokwenda kijiweni kupunguza mawazo na kurudi saa nne usiku.

Likitokea jambo na umekwisha kupandisha sauti, rudi kwa mtoto ukiwa umetulia umwombe radhi, na uitaje kasoro yenyewe: "Baba amekosea kukufokea mbele ya wenzako. Kikombe nilikwambia ukiweke ndani, na hilo bado nakudai, lakini kukufokea vile haikuwa sawa." Wazee wengine huona kwamba kufanya hivyo ni kujishusha. Mimi sioni hivyo. Mtoto anajua tayari kwamba ulikosea, na anachosubiri kukijua ni kama wewe nawe unajua.

Kuhusu fimbo, ni vyema kila baba aifahamu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, na inasema kwamba kumrekebisha mtoto hakukubaliki ikiwa kunapita kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili, au ikiwa mtoto ni mdogo kiasi cha kutoelewa sababu ya kurekebishwa. Mtoto wa miaka miwili anayechapwa kwa kuchezea simu haelewi sababu. Anachoelewa ni kwamba baba anaumiza. Iweke simu juu ya kabati. Kwa mkubwa zaidi, mnyime kitu kinachohusiana na kosa lenyewe, kwa muda mfupi unaojulikana, kisha uitimize ahadi ya kukirudisha, kwani adhabu isiyokuwa na mwisho humfanya aache kujali.

Mzazi mwenzio

Tengeni saa moja ya Jumapili jioni, watoto wakiwa wamelala, mzungumze juu ya wiki inayokuja: nauli, mchango wa chakula shuleni, tuisheni, nani anabaki na mtoto mama akienda msibani, kodi ya miezi sita inadaiwa lini. Elimu haina ada katika shule za serikali, lakini kila mzazi anajua kwamba sare, madaftari na michango havikosi, na ugomvi mwingi ninaousikia huanzia kwa mama aliyeombwa fedha asubuhi na mtoto aliyekwisha kuvaa begi. Mambo hayo yakipangwa Jumapili, asubuhi ya Jumatatu hubaki ya kuagana. Baba ataje kipato chake bila kuficha, hata kikiwa kidogo, hasa kikiwa kidogo.

Ikiwa mmetengana, zamu bado inawezekana, ila inahitaji mpangilio zaidi. Tuma matunzo kwa simu kwa tarehe moja isiyobadilika, weka kumbukumbu, na usimtumie mtoto kama mjumbe wa kumwambia mama yake kwamba fedha hakuna. Pangeni siku ya kumchukua na uifuate hata mvua ikinyesha na Jangwani pakijaa maji; ukishindwa kabisa, mpigie mtoto mwenyewe kabla ya saa mliyoahidiana. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwakalisha wazazi na kuwasaidia kufikia makubaliano ya matunzo na malezi kabla mambo hayajafika mahakamani.

Mahali pa kuegemea

Msaada wa kwanza uko kwenye sheria, na wengi hawautumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo yenye malipo ya angalau siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Ni chache mno, nami siwezi kuitetea hesabu hiyo, lakini chache zikitumika vizuri zinatosha kufua, kupika, kufuatilia cheti cha kuzaliwa, na kuwaambia wageni kwa adabu kwamba mama anapumzika. Mwambie msimamizi wako mapema, kabla ya mwezi wa kujifungua, ili barua isiwe jambo la ghafla. Na kabla ya hapo, fuatana na mwenzio kliniki ya wajawazito, ambako wote wawili mtapimwa na kupewa ushauri.

Msaada wa pili ni watu. Kijiwe, ambacho nimekisema vibaya hapo juu, kinaweza kuwa na faida ukimpata humo baba mmoja aliyekutangulia kwa miaka michache, anayeweza kukwambia alifanya nini binti yake alipokataa kwenda shule. Muulize swali moja mahususi, mkiwa wawili, si mbele ya kundi, kwa sababu mbele ya kundi kila mwanamume hujibu kwa utani. Vivyo hivyo shehe au mchungaji unayemwamini, na baba yako mzazi kama yupo hai. Wengi wetu tuna machungu na baba zetu, na sidhani kwamba ni lazima yaishe ndipo tuwaulize. Muulize tu alikuwa akilipwa kiasi gani ulipozaliwa, na aliogopa nini mwaka huo.

Msaada wa tatu ni wa kitaalamu. Ukiona kwamba usingizi umekwisha, pombe imeongezeka, unakwepa kurudi nyumbani au unafikiri kwamba familia ingekuwa salama bila wewe, hilo si jambo la kujikaza. Nenda hospitali, Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Iwapo kuna mtoto anayedhuriwa, wa kwako au wa jirani, namba 116 hupigwa bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Zamu ikikatika

Utapangiwa kazi ya usiku, au utasafirishwa kikazi Dodoma kwa wiki kadhaa. Mweleze mtoto kabla hujaondoka, umtajie siku ya kurudi, mpange saa ya kupigiana simu, na katika simu hiyo uulize habari za zamu yenu badala ya kuuliza kama ana adabu: daftari la hesabu limefika ukurasa gani, jino lililokuwa linacheza limeng'oka au bado. Ukirudi, ishike tena siku ile ile bila kusubiri Jumatatu. Shule zinapofunguliwa Januari, kaeni nyote mwitazame upya, kwa kuwa mtoto aliyekuwa akingoja kuogeshwa mwaka jana huenda sasa anafunga mlango wa bafu kwa ndani, na anachohitaji kutoka kwako ni kumsindikiza hadi kituoni saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza likiwa bado halijaondoka.