Somo: Unatoka pwani unaenda Dodoma kipupwe hiki? Soma hapa kwanza midomo isikupasuke

Wakuu habari zenu. Mimi mtu wa Tanga, mwaka jana mwezi wa 7 nilienda Dodoma kikazi wiki 2, siku ya 3 naagiza chipsi mayai naweka pilipili, weee, machozi yalinitoka palepale mezani, kumbe mdomo wa chini umepasuka katikati na mwenyewe sina habari. Na kiu sikuwa nayo! Ndo tatizo lenyewe hilo. Pwani jasho linakuganda, unajijua umelowa unatafuta maji. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 hivi, mvua zikishakata hewa inakuwa kavu na upepo hauishi, jasho linakauka kabla hujaliona, umevaa kajaketi kako unajiona freshi kumbe maji yanakutoka tu.

Hatua ya 1: Anza kunywa maji ukiwa kwenye basi, ac nayo inakausha. Najua mnaogopa kubanwa njiani, we piga funda mojamoja. Kipimo ni mkojo, ukiona umekuwa kama chai ya rangi ujue umechelewa.

Hatua ya 2: Acha kulamba midomo. Hii ndo ngumu kuliko zote maana unalamba bila kujua. Mate yakikauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo, na ngozi ya mdomo ni nyembamba halafu haina tezi za mafuta kama ya usoni, kwahiyo kila ukilamba unazidi kuiumiza.

Hatua ya 3: Mafuta ya mgando, yale ya kawaida ya kikopo. Lowesha midomo na maji kwanza ndo upake, maana mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Usiku paka mengi. Yale yenye ladha ya matunda siyapendi, utamu wake unakufanya ulambe tena.

Hatua ya 4: Magamba usibandue na meno. Basi.

MASWALI

Maji ya bomba huku nilipo yana chumvi hayashuki kabisa, nifanyeje?
– Nunua ya kunywa, hayo ya bomba oga. Juisi ya ubuyu nayo poa ila kama umeshapasuka tumia mrija, utanikumbuka.

Ors ninywe kila siku?
– Hapana mkuu, hiyo ya kuharisha au ukitapika. Ukiwa unakula vizuri maji yanatosha.

Mwanangu kachanika pembeni za mdomo, wiki ya 3 sasa, mafuta hayasaidii.
– Pole dada. Za pembeni mara nyingi sio ukavu tu, inaweza kuwa fangasi au upungufu wa damu, mpeleke kituo cha afya wamwangalie.

Mwanaume mzima nipake mafuta mdomoni ofisini si watanicheka?
– Mimi walinicheka wiki ya kwanza. Ya pili kikopo kikawa kinazunguka meza kwa meza, nikarudi Tanga bila nacho.