Jinsi ya Kuchagua Programu ya Udaktari wa Utendaji wa Uuguzi Ukiwa Mombasa

Miezi miwili iliyopita sista mmoja niliyewahi kufanya naye kazi katika wodi ya wazazi alikuja nyumbani kwangu Tudor na orodha ya vyuo 14 vya Marekani, vyote vikitoa shahada ya udaktari wa utendaji wa uuguzi, ambayo kwa kifupi huitwa DNP. Aliniuliza, "Dada, hapa bora ni kipi?" Nilimweleza kwamba swali hilo huja mwisho. Jioni ile tulikata vyuo 11 kabla ya kutazama ada ya hata kimoja, na utaratibu tulioufuata ndio ninaouandika hapa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unayoitaka ni DNP

Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, kilitoa msimamo kwamba wauguzi wa ngazi ya juu waandaliwe kwa shahada ya udaktari wa utendaji. Shahada hii inamfaa anayetaka kuchukua ushahidi uliokwisha kupatikana na kuupeleka wodini: kupunguza maambukizi ya vidonda vya upasuaji, kwa mfano, au kurekebisha namna zamu zinavyokabidhiana wagonjwa. Anayetaka kuzalisha elimu mpya kwa utafiti anatafuta PhD. Ikiwa lengo lako ni uhadhiri katika chuo kikuu cha hapa Kenya, uliza chuo hicho kwanza, kwa maandishi, kama kinaipokea DNP kwa cheo unachokitaka.

Hatua ya pili: chagua njia na mchepuo

Zipo njia mbili. Mwenye shahada ya kwanza huhitaji takriban miaka mitatu hadi minne ya masomo ya muda wote; mwenye uzamili hukata safari hiyo karibu nusu. Kwa anayekusudia kuendelea kufanya kazi Mombasa, mimi humshauri bila kusitasita achukue uzamili kwanza, hapa nyumbani, kisha aombe njia ya baada ya uzamili katika mchepuo wa uongozi au wa ubora wa huduma. Michepuo ya kutibu wagonjwa moja kwa moja imefungwa kwenye leseni na sheria za majimbo ya Marekani. Uuguzi wa nusukaputi ni mfano mzuri: tangu Januari 2022 kila anayeanza masomo hayo kule huingia katika programu ya udaktari, na programu hizo zimejengwa kwa ajili ya hospitali za kwao.

Hatua ya tatu: ithibati

Tafuta jina la programu katika orodha ya CCNE au ya ACEN, mashirika ya Marekani yanayotoa ithibati kwa programu za uuguzi. Ithibati ya chuo kizima haitoshi. Programu yenyewe ya DNP lazima iwemo. Kisha uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kuhusu kuitambua shahada hiyo hapa Kenya, kabla ya kulipa chochote.

Hatua ya nne: leseni na saa za mafunzo kwa vitendo

Nakuomba uisome hatua hii polepole, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu. Nililipa ada ya maombi ya chuo kimoja, nikapeleka nakala za matokeo yangu kwa shirika la kutathmini vyeti vya kigeni, nikalipia huko pia, nikasubiri wiki tisa, ndipo nikajibiwa kwamba leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya haitoshi. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa 41 wa mwongozo wa mwanafunzi: mwombaji awe na leseni hai ya uuguzi, isiyo na kizuizi chochote, ya jimbo la Marekani. Mimi nilikuwa nimesoma tangazo la programu pekee. Tangu siku ile huwa sisomi tangazo kabla ya mwongozo, na mwongozo wenyewe nausoma wote, nikianzia kwenye sura ya mafunzo kwa vitendo.

Programu nyingi zina sharti hilo. Ukitaka kulitimiza, utapitia tathmini ya vyeti, mtihani wa NCLEX-RN, yaani ule wa leseni ya uuguzi Marekani, na maombi ya leseni katika jimbo moja. Na yako majimbo yasiyotoa leseni bila namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ambayo mtu aliyeko Kenya kwa kawaida hana. Kwa hiyo waandikie barua pepe yenye maswali matatu tu. Je, mnampokea mwombaji mwenye leseni ya Kenya pekee? Je, saa za mafunzo naweza kuzifanyia katika hospitali ya Mombasa? Je, ni nani atakayetafuta msimamizi na kutia saini mkataba na hospitali, ninyi au mimi? Nasisitiza barua pepe. Jibu la simu halikusaidii siku ofisa atakapobadilishwa, na wakala anayekuhakikishia kila kitu kwa WhatsApp hana mamlaka ya kukupokea chuoni. Usiridhike na jibu kwamba programu iko "wazi kwa wanafunzi wa kimataifa", kwani mara nyingi maana yake ni raia wa nchi nyingine wanaoishi Marekani. Rudisha swali hadi neno Kenya au Mombasa litajwe katika jibu.

Sasa saa zenyewe. Miongozo ya AACN ya mwaka 2006 ilitaka saa zisizopungua 1,000 za mafunzo baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi bado vinapima kwa kipimo hicho. Saa zinazokubalika ni zile zilizosimamiwa ndani ya masomo. Miaka 15 ya zamu wodini, kwa heshima yake yote, haihesabiwi. Saa za uzamili wako zinaweza kukubaliwa, lakini nakala ya matokeo huonyesha alama tu. Omba barua ya mkuu wa kitivo inayotaja idadi ya saa na mahali zilipofanyika, na uiombe mapema, wakati waliokusimamia bado wapo. Sista wangu alipata barua ya saa 480. Zilizobaki ni 520, yaani saa 10 kwa wiki kwa wiki 52, juu ya kazi yake ya kila siku. Tuliandika hesabu hiyo kwa kalamu katika daftari kubwa, naye akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Haya, inawezekana."

Kuhusu msimamizi, programu nyingi hutaka awe na uzamili au zaidi, na huomba wasifu na leseni yake. Mkataba kati ya chuo na hospitali ya umma hupita kwa wanasheria wa pande zote mbili. Usihesabu wiki hapa; hesabu miezi.

Hatua ya tano: ratiba

Visa ya mwanafunzi ya F-1 huruhusu somo moja tu la mtandaoni kwa muhula kuhesabiwa katika masomo ya muda wote. Programu ya mtandaoni haitakupa visa hiyo. Utasoma ukiwa hapa. Darasa la saa kumi na mbili jioni New York ni saa saba usiku Mombasa, na wao wakirudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, linakuwa saa nane usiku. Nilisoma muhula mzima hivyo, feni nikiizima ili sauti yangu isikike, na darasa likiisha karibu na adhana ya alfajiri, kisha zamu ya asubuhi. Chagua programu inayorekodi mihadhara na isiyokulazimisha kuhudhuria papo hapo.

Hatua ya sita: ada

Zidisha ada ya krediti moja kwa idadi ya krediti, ongeza ada za teknolojia na nauli ya vikao vya ana kwa ana.

Hatua ya saba: mradi

Kila DNP huishia kwenye mradi. Chuo cha Marekani kinaweza kukuambia kwamba mradi wa kuboresha huduma si utafiti na hauhitaji kibali cha kamati ya maadili. Hospitali yako huenda isikubaliane na hilo. Panga kupata kibali cha kamati ya maadili ya hapa, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ruhusa ya idara ya afya ya kaunti ikiwa hospitali iko chini yake. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kabla ya kutuma taarifa yoyote ya mgonjwa nje ya nchi. Chagua programu ambayo mwalimu wake yuko tayari kusubiri vibali hivyo, na mwulize hilo katika barua pepe ileile ya hatua ya nne. Kati ya vyuo vitatu vilivyobaki katika orodha ya sista, kimoja kilijibu swali hilo kwa ukamilifu, na ndicho anachoomba kujiunga nacho sasa.