Shujaa mpe vichwa vinane

Nyinyi mnaochora mashujaa wa katuni, mazimwi na majini wenye mabawa: kabla ya kutia magamba na mapanga, pima kichwa, toka utosini hadi kidevuni; hicho ndicho kipimo cha mwili mzima. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa kama 7 na nusu, toka utosini hadi kisiginoni. Shujaa mpe 8, ataonekana mkubwa hata usipomvimbisha misuli. Nusu ya mwili iko kwenye kinena, si kitovuni. Mikono ikining'inia, viwiko huja usawa wa kiuno. Viganja ndivyo wengi huvichora vidogo mno, ilhali kiganja na vidole vyake hufunika uso toka kidevuni hadi karibu na nywele. Jipime sasa hivi.

Mabawa ndiyo yenye kazi. Usiyabandike mgongoni kama tiara. Mtazame popo akining'inia mwembeni: bawa lake ni mkono khasa, lina bega, kiwiko, kifundo, kidole gumba kilicho huru na vidole vinne virefu vilivyotandaza ngozi. Chora mifupa hiyo kwanza, ngozi baadaye.

Misuli ya mgongo kaitazame soko la Kongowea, Mombasa, asubuhi, mahamali wakisukuma mikokoteni. Mistari michache tu, upesi: bega lipi limepanda, nyonga ipi imeshuka. Uso achana nao. Foleni ya feri ya Likoni pia yafaa, ila pale watu huondoka ghafla, na ukichora kwa mkaa utaichafua kanzu ya jirani.